BARAZA LA NYUMBANI: Pilipili Nyekundu Mlangoni

Zamani, mtoto alipozaliwa katika kijiji cha Korea, jamaa walifunga mlangoni kamba ya majani ya mpunga ili wageni wasiingie. Zikining'inia pilipili nyekundu, majirani walijua kuwa amekuja mtoto wa kiume. Wakiona makaa na matawi ya msonobari bila pilipili, walijua ni binti.

Wazazi wale hawakukosa mapenzi kwa binti zao. Ila kwa mafundisho ya Konfusio, mwana wa kiume, hasa wa kwanza, ndiye aliyesimamia matambiko ya wahenga na kulinda jina la ukoo. Kukosa kuzaa mwana wa kiume kulihesabiwa katika zile sababu 7 za kale za kumfukuza mke. Hata mabinti wengine waliitwa Hu-nam, yaani "baadaye mwanamume". Fikirini, akina mama, binti anaitwa kwa jina la nduguye ambaye hajazaliwa!

Vita vilipozuka tarehe 25 Juni 1950, mzigo huo ulizidi uzito. Mke wa askari aliyeachiwa mwana alibaki na heshima ya mama wa mrithi, japo mumewe asirudi. Aliyeachiwa mabinti watupu aliweza kuona mtoto wa shemeji yake akichukuliwa kushika nafasi ya marehemu. Nanyi mlioolewa na askari mwajua ugumu wa kungoja barua. Huyu aliingoja huku akihesabiwa watoto wake.

Hata hivyo damu haikuchagua. Runinga ya taifa ya Korea Kusini ilipoanza, tarehe 30 Juni 1983, kuwatafutia watu jamaa waliopoteana vitani, kazi hiyo ilidumu siku 138. Mabinti walisimama mbele ya kamera wakiwatafuta wazazi na kaka zao, na walipowapata walikumbatiana na kulia kama watoto.

Sheria ilikwenda polepole zaidi. Katika daftari la ukoo, baba akifa, mtoto mchanga wa kiume aliweza kuwa mkuu wa nyumba juu ya mama yake mzazi. Utaratibu huo ulikoma tarehe 1 Januari 2008. Mei 2023, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba ndugu wasipopatana, msimamizi wa tambiko atakuwa mtoto mkubwa kwa umri, awe wa kiume au wa kike.