Pima Weji Kabla ya Kulaumu Mkono

Mchezaji wa gofu akikosa grini akiwa mita 70 tu kutoka kwenye bendera, ushauri humjia kutoka kila upande. Umeinua kichwa. Umeharakisha. Mkono wa kushoto umelegea. Fimbo yenyewe haiulizwi. Sisi tunasema iulizwe kwanza, hasa ikiwa ni weji, kwa sababu katika fimbo zote za chuma hakuna ambayo kosa dogo la kipimo humwadhibu mchezaji kama hiyo.

Kipimo tunachokizungumzia ni pembe ya mpini, yaani pembe iliyopo kati ya mpini na ardhi pale soli ya fimbo inapokaa sawasawa chini. Weji nyingi hutoka kiwandani zikiwa na nyuzi 64 hivi. Kiwanda hakikujui. Hakijui urefu wako wala urefu wa mikono yako, na hakijui kama unapiga mpira mikono ikiwa juu au karibu na magoti. Mikono ikiwa chini kuliko fimbo ilivyotarajia, ncha ya kichwa hunyanyuka na kisigino hugusa ardhi kwanza. Mpira wa anayecheza kwa mkono wa kulia huelekea kushoto. Mikono ikiwa juu mno, ncha ndiyo hujichimbia na mpira huenda kulia. Kwa anayecheza kwa mkono wa kushoto, geuza maelekezo hayo.

Wengi husema kwamba pembe ya mpini ni jambo la fimbo ndefu, kwani weji hupigwa karibu na kosa lake haliwezi kuwa kubwa. Hesabu inakataa. Uso wa fimbo ukiwa umesimama wima kabisa, kuinamisha kichwa kuelekea kisigino au ncha hakubadilishi uelekeo wake. Kadiri uso unavyolala ndivyo mwinamo huo unavyougeuza pembeni. Chukua fimbo namba 5 ambayo uso wake una nyuzi 26. Pembe ya mpini ikikosewa kwa nyuzi 2, uso unageuka karibu nyuzi 1. Sasa chukua weji ya nyuzi 60. Kosa lile lile la nyuzi 2 linaugeuza uso kwa nyuzi 3 na nusu hivi. Kwa umbali wa mita 70, uso huo unatazama zaidi ya mita 4 kando ya bendera. Kweli, mpira haufuati uso kikamilifu, lakini huufuata kwa sehemu kubwa, na hapo unapotaka kubakiza pati moja ya kumalizia unajikuta pembeni kabisa mwa grini au ndani ya mchanga. Fimbo namba 5 ya mtu huyo huyo, akiwa mita 150, ingemkosesha mita 2 na nusu tu.

Mchezaji hajui chanzo, naye hujirekebisha mwenyewe. Akiona mipira inakwenda kushoto, hulenga kulia. Ikiendelea, huanza kuuzuia uso usifunge, au hunyanyua mikono wakati wa kupiga. Baada ya miezi michache ana swingi mbili, moja ya fimbo zake nyingine na moja ya weji, na hakuna hata moja anayoiamini. Kocha akija kumfundisha upya, anafundisha dawa ya ugonjwa ambao haumo mwilini mwa mwanafunzi.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa, Kenya, Uganda na Tanzania, walianza wakiwa kedi, na fimbo zao za kwanza ziliwahi kuwa za mtu mwingine: mwanachama aliyenunua seti mpya, au mgeni aliyeacha begi lake alipoondoka. Kijana wa miaka 13 akipewa weji ya mtu mzima mrefu, mikono yake huwa chini ya pale mpini ulipotarajia. Ncha inanyanyuka. Ukikata mpini ili ufupike, pembe inayohitajika nayo inabadilika. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nusu inchi ya urefu ni sawa na nyuzi 1 hivi ya pembe. Kwa hiyo kukata bila kupima ni kubahatisha. Kijana huyo anaweza kuwa na kipaji kikubwa, na tunamfundisha kwa miaka mitatu namna ya kuishi na chuma kilichopinda vibaya.

Tena viwanja vyetu havisamehi. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na zinatanda kwenye viwanja vingi vya Nairobi na vitongoji vyake, ni nene na zinashika. Kisigino kikitangulia kuingia, hukamatwa, na ncha iliyo huru inazunguka na kuufunga uso. Kosa la pembe linakutana na kosa la nyasi, yote mawili yakiusukuma mpira upande mmoja.

Kupima si kazi ngumu. Jedwali la urefu wa mchezaji na umbali kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni linasaidia kuanzia. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyeanzisha PING nchini Marekani mwaka 1959, alilifanya wazo hilo lieleweke kwa kila mtu alipoanza kutia fimbo nukta za rangi kuonyesha pembe zake, nyeusi ikiwa ndiyo ya kawaida. Ila jedwali humpima mtu akiwa amesimama tuli. Fimbo ikiwa kwenye mwendo, uzito wa kichwa huupinda mpini na kuivuta ncha chini, na kila mtu hufika kwenye mpira kwa namna yake. Kipimo cha haki huchukuliwa mpira unapopigwa. Chora mstari mnene kwenye mpira kwa kalamu ya wino mzito, uweke ukiwa wima na ukitazama uso wa fimbo, kisha piga. Alama itabaki usoni. Ikikata mifereji ya uso kwa pembe mraba, weji yako inakufaa. Kichwa cha alama kikilalia upande wa ncha, mpini umesimama mno. Kikilalia kisigino, umelala mno. Rudia mara kadhaa kabla ya kuamua, kwa sababu pigo moja linaweza kudanganya.

Na piga mapigo unayoyapiga kweli. Weji haitumiki kwa swingi kamili peke yake. Ni fimbo ya nusu swingi, ya chipu, ya kutoka mchangani. Katika mapigo hayo ya polepole mpini haupindi sana, na wengi hushusha mikono. Ndiyo sababu baadhi ya wachezaji wa kulipwa huweka weji zao zikiwa zimelala kidogo kuliko mfuatano wa fimbo zao nyingine ungedai. Tunaonya hapa: usiwaige kwa kuwa tu ni wao. Kama alama yako iko wima, iache fimbo ilivyo.

Marekebisho yenyewe hufanywa kwa kubana kichwa kwenye mashine na kupinda shingo ya fimbo kwa nguvu iliyopimwa. Weji za chuma laini cha kufuliwa hukubali vizuri. Za chuma cha pua cha kumiminwa kwenye kalibu ni ngumu zaidi na zinaweza kuvunjika mikononi mwa asiyejua, hivyo fundi makini hapendi kuvuka nyuzi 2. Akimaliza, mwambie apime tena pembe ya uso. Shingo ikipindwa vibaya uso nao hubadilika, na soli hubadilika pamoja nao: ukiusimamisha uso kwa nyuzi 1 umeondoa nyuzi 1 ya ule mbinuko wa soli unaoizuia fimbo isizame ardhini. Chuma laini pia husogea kwa matumizi, hasa kwa anayefanya mazoezi kwenye mikeka migumu, kwa hiyo kipimo cha kila mwaka si anasa. Wala usijaribu kupinda fimbo katikati ya raundi. Kanuni ya 4.1 ya gofu inakataza kupiga kwa fimbo ambayo umebadilisha makusudi tabia yake wakati wa raundi, na adhabu yake ni kuondolewa mashindanoni.

Wapo wanaosema mchezaji wa handikapu 24 hana haja ya haya kwa kuwa swingi yake haijatulia. Hatukubaliani nao. Swingi isiyotulia inahitaji fimbo inayosema ukweli kuliko swingi nyingine yoyote, kwa sababu mwenye nayo anajifunza kwa kutazama mpira ulikokwenda. Fimbo ikimdanganya, somo zima limeharibika.

Kwa hiyo tunazitaka klabu za kanda hii zinunue mashine ya kupinda fimbo, au klabu mbili tatu za mji mmoja zichangie moja, na zimsomeshe fundi wa kuitumia. Kwenye ziara kubwa za kulipwa, gari la mafundi huwa uwanjani na mchezaji hurekebishiwa fimbo yake papo hapo kabla ya mashindano. Hatuombi gari. Tunaomba mashine moja, na siku moja kwa mwezi ambayo kedi na vijana watapimiwa bila malipo. Vyama vya gofu vya nchi zetu viweke kipimo hicho katika mipango yao ya vijana kabla ya kambi inayofuata ya mazoezi. Nawe msomaji mwenye weji inayokuvuta kushoto kila Jumamosi, kabla ya kulipia somo jingine la swingi, chora mstari kwenye mpira.