Mtoto Mkorofi na Mzazi wa Zamu ya Usiku

Sisi wa reli hufundishwa ishara kabla ya kuaminiwa treni. Mtoto twapewa bila somo hata moja! Twarudi zamu ya usiku, tumechoka, twaambiwa amempiga mwenzake tena. Twashika fimbo, kisha twalala. Kesho ni yale yale. Shuleni viboko vilikatazwa mwaka 2001, na Katiba ya 2010 navyo haivikubali. Basi mzazi afanye nini? Hapo hatuambiwi. Twataka Chama kidai saa moja kila mwezi, yenye malipo, mwalimu ajuaye watoto atufundishe: kumsifu mtoto atendapo vyema, kumpa amri moja fupi, kuchunguza kama hasikii vizuri au halali vya kutosha. Wake zetu waalikwe pia. Hao hubaki naye mchana kutwa, na lawama zote huwaangukia wao.