Mvivu Ataimbwa, Lakini na Nani?

Kama hujawahi kuimbwa mbele ya majirani, basi fedheha huijui. Kule Kitui na Makueni mvivu hapelekwi kwa chifu. Anatungiwa wimbo.

Mwethya ni kazi ya pamoja ya Wakamba. Watu wa kijiji, wengi wao akina mama, leo wako kwa huyu, kesho kwa yule, wakichimba mitaro ili mvua isibebe udongo, au wakikusanya mawe ya kujengea bwawa la mchanga mtoni. Kiongozi wa nyimbo huitwa ngui. Anatoa, wenzake wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Katikati ya wimbo anatia kijembe chake: kuna mtu alifika jua likiwa utosini, kuna mume anayeshinda akicheza bao huku mkewe akichimba. Jina halitajwi. Tazama tu ni nani ameinamisha kichwa.

Si Wakamba peke yao wanaomwimba mvivu. Huko Buenos Aires, Argentina, wana muziki uitwao tango (usidhani ni lile la kachumbari). Mwaka wa 1928 ulitoka wimbo mmoja, Haragán, maana yake mvivu, ambamo mwanamke anamsuta mpenzi wake anayeogopa kazi kama ukoma. Utamu upo, lakini mwimbaji wa jukwaani hana jembe. Ngui analo. Anayekuita mvivu amelowa jasho kama wewe, au kukushinda.

Wakamba wenyewe waliwahi kusutwa na watu wasioshika jembe. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliwalaumu, wao na mifugo yao, kwamba wanaharibu udongo. Mwaka wa 1938 ng'ombe walipochukuliwa kwa nguvu, maelfu ya watu waliandamana hadi Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Baadaye wakalazimishwa kuchimba mitaro. Uhuru ulipofika 1963 wengi waliitupa kazi hiyo, na bila shaka wapo waliosema, "Si mnaona, wavivu!" Mbona basi miaka ya 1970 na 1980 mitaro ilichimbwa tena kwa wingi, bila kiboko cha mtu? Safari hii shamba lilikuwa lao, na wimbo pia.

Sasa wewe wa Umoja au Buruburu, unayetuma pesa kidogo mwisho wa mwezi kisha unampigia simu ndugu yako wa Mwingi au Kibwezi na kumwita mvivu kwa sababu mahindi yamekauka, mpini uliushika lini mara ya mwisho? Mvua ya Novemba ikikosa, hata aliyeamka alfajiri kila siku havuni kitu.

Likizo ya Agosti ni kiangazi huko, nayo ndiyo majira ya kuchimba. Wapelekeni watoto siku moja, wapewe karai wabebe mawe. Kijana wa chuo atakayeanza kulalamikia malengelenge kabla ya saa nne asubuhi atarudi Nairobi na ubeti wake.