Bwawa la Samaki Si la Kitoweo Tu

Imeenea fikira miongoni mwetu kwamba rangi ya maji ni ya watoto wa shule, na kwamba msanii aliyekomaa hana budi kutumia rangi ya mafuta, tena achore ndovu, twiga na machweo ya jua ili mtalii apate kununua. Mimi naipinga fikira hiyo. Rangi ya maji ni kazi ngumu, na mwalimu wake mmoja bora yupo mahali ambapo wengi wetu hupita bila hata kugeuza shingo. Mwalimu huyo ni samaki katika bwawa.

Wachoraji wa rangi ya maji katika nchi nyingi wanampenda mno samaki wa Kijapani aitwaye koi, yule wa mabaka mekundu, meupe na meusi anayefugwa katika mabwawa ya bustani. Mtu akimwona leo atadhani alizaliwa katika bustani ya mfalme. La hasha! Asili yake ni milima ya Niigata, ambako wakulima wa mpunga walifuga samaki wa jamii ya karpu ili wapate kitoweo wakati theluji inapofunga njia. Mwanzoni mwa karne ya 19, baadhi ya samaki hao walionekana wana mabaka ya rangi. Wakulima wangaliweza kuwala kama wenzao, lakini waliwatenga, wakawazalisha, na mwaka wa 1914 samaki hao wakaonyeshwa mjini Tokyo na kupata sifa kubwa. Tetemeko la ardhi lilipoharibu mabwawa ya Yamakoshi mnamo Oktoba 23, 2004, baadhi ya samaki waliokolewa kwa helikopta. Kilichokuwa kitoweo kilikuwa kimekwisha kuwa utamaduni.

Kwa nini mchoraji ampende samaki huyu? Kwanza, koi hutazamwa kutoka juu, na umbo lake lote huonekana kwa mara moja. Pili, katika rangi ya maji weupe haupakwi. Weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Mgongo mweupe wa koi, basi, ni mahali ambapo mchoraji amejizuia. Tone la rangi nyekundu likidondoshwa juu ya karatasi mbichi husambaa lenyewe, kingo zake zikafifia kama samaki aliyezama chini. Karatasi ikiwa kavu, kingo hukatika wazi, na samaki akaonekana yu karibu na uso wa maji. Ukishaufunika weupe huo, ni shida kuurudisha. Kwa hiyo mchoraji hutazama kwa muda mrefu kabla ya kushika brashi.

Tazama mfano wa Qi Baishi wa China, aliyezaliwa mwaka wa 1864 katika familia ya wakulima maskini wa Hunan, akafanya kazi ya useremala ujanani mwake. Huyu aliwafuga kamba katika bakuli nyumbani kwake, akawatazama wanavyoruka na kutulia. Kadiri alivyozidi kuwajua ndivyo alivyopunguza mistari, hata miguu ya kamba katika picha zake ikawa michache kuliko ile ya kamba halisi. Na maji je? Katika picha hizo za kamba, kwa kawaida maji hakuyachora. Aliacha karatasi nyeupe, na kila atazamaye huona kamba wanaogelea. Alifariki mwaka wa 1957, na hadi leo kamba wake wanajulikana kote duniani.

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya sehemu 140 za uwakilishi bungeni. Yalichimbwa kwa ajili ya ngege na kambare, na hilo ni jambo jema, kwani tumbo lina haki yake. Lakini kijana akiketi kando ya bwawa na karatasi yake, aghalabu huitwa mvivu na kuambiwa ashike jembe.

Najua nitaambiwa kwamba picha haipikiki sufuriani. Nami nauliza: yule mkulima wa Niigata aliacha kulima? Alilima, akala samaki wake, na bado alikuwa na jicho la kuona baka jekundu ambalo mwingine angalilipitishia kisu. Ngege naye ana rangi zake za fedha na kijivu, na kambare ana weusi ambao wino na maji vinaumudu vizuri kabisa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimu, wapelekeni wanafunzi bwawani na rangi zao badala ya kuwapa picha za kunakili. Wazazi, mwacheni mtoto atazame. Nanyi wachoraji wetu, ndovu amekwisha chorwa vya kutosha. Inameni muone kilichomo majini.