Zimwi Likujualo Halikuli Likakwisha

Kila muhula unapokaribia kwisha, shule zinapojiandaa kwa ule usiku mmoja wa burudani kabla ya wanafunzi kufunga virago, huzuka mabishano yale yale: itazamwe filamu gani? Wanafunzi hutaka filamu ya kutisha. Mwalimu wa zamu hutaka filamu yenye mafunzo. Katika shule za Migori na za Homa Bay nimeyasikia mabishano haya kwa miaka mingi, na takriban kila mara humalizwa kwa amri badala ya hoja. Mwalimu husema filamu hizo ni takataka. Mwanafunzi hunyamaza kwa adabu, kisha huzitafuta mahali pengine ambapo hakuna mwalimu.

Ningependa leo kuijadili aina moja ya filamu hizo, ambayo naiona imehukumiwa bila ya kusikilizwa. Nazikusudia zile zilizotengenezwa katika miaka ya themanini kwa fedha haba, ambamo damu humwagwa kwa ndoo, viungo vya mwili hukatika na bado vikaendelea kutembea, na mtazamaji, badala ya kupiga ukemi, hujikuta akishika mbavu kwa kicheko. Sisemi watoto waonyeshwe filamu hizi. Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini huweka alama za umri, nyingi za filamu za aina hii ni za watu wazima, na alama hizo ziheshimiwe. Nisemalo ni kwamba mwalimu asiyejua kwa nini zinapendwa hawezi kumwongoza anayezipenda.

Tuanze na jinsi zilivyotengenezwa. Mwaka wa 1979 kijana wa Kimarekani aitwaye Sam Raimi, mwenye umri wa miaka 20, aliwakusanya marafiki zake na fedha walizozichanga kwa watu wa kwao Michigan, wakaenda kujifungia katika nyumba ya mbao msituni Tennessee wakati wa baridi kali. Damu yao ilikuwa shira ya mahindi, rangi nyekundu ya chakula na ule unga mweupe wa kutilia kahawa. Walipotaka kuonyesha pepo akikimbia kati ya miti, waliifunga kamera katikati ya ubao, watu wawili wakaushika huku na huku, wakatimua mbio. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa filamu ya The Evil Dead, iliyotoka mwaka wa 1981.

Huko New Zealand, kijana mwingine, Peter Jackson, alikuwa akifanya kazi katika gazeti moja na kupiga filamu mwishoni mwa juma pamoja na marafiki zake. Kazi hiyo iliwachukua takriban miaka minne. Vinyago vya viumbe wake wa kutisha alivioka katika oveni ya mama yake. Filamu hiyo, Bad Taste, ilionyeshwa mwaka wa 1987, na jina lake lenyewe linakiri kwamba haina staha. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kutengeneza The Lord of the Rings, ambayo sehemu yake ya tatu ilitwaa tuzo 11 za Oscar mwaka wa 2004. Aliyeanza kwa oveni ya mama alifika mbali.

Vituko vya filamu hizi navyo havikosi akili. Katika Evil Dead II ya mwaka wa 1987, mkono wa shujaa unaingiwa na pepo na kuanza kumpiga mwenyewe. Anaukata kwa msumeno wa injini, anaufunika kwa ndoo, kisha anaikandamiza ndoo kwa vitabu. Kitabu cha juu kabisa ni riwaya ya Ernest Hemingway, A Farewell to Arms, ambayo jina lake huaga silaha, lakini kwa Kiingereza neno hilo hilo lina maana ya mikono. Mwalimu wa fasihi anayefundisha uchezeaji wa maneno atafute mfano bora kuliko huo! Na katika The Return of the Living Dead ya mwaka wa 1985, maiti waliofufuka wanawala wahudumu wa gari la wagonjwa, kisha mmoja wao anaichukua redio ya gari na kuomba kwa utulivu kabisa wahudumu wengine wapelekwe. Mtazamaji anatishika na kucheka katika pumzi moja.

Basi kwa nini mambo haya yalipendwa hata huku kwetu, mbali na misitu ya Tennessee? Waliokuwa vijana Migori na Homa Bay katika miaka ya tisini watavikumbuka vibanda vya video: kuta za mabati, benchi za mbao, televisheni moja iliyowekwa juu ili hata wa nyuma waione, na jenereta ikinguruma nje. Kanda zililetwa kwa basi, nazo zilikuwa nakala za nakala, hata picha ikatetemeka na sauti ikakwaruza. Filamu za kareti ndizo zilizotawala. Lakini siku mojamoja ilipowekwa kanda ya mizimu, kibanda kilijaa hadi watu wakachungulia kupitia matundu ya misumari. Mmoja aliyekijua Kiingereza aliwafasiria wenzake, akiongeza chumvi zake. Watu walimwonya shujaa kwa sauti asiingie chumba cha chini. Alipoingia, walimcheka kwa ukaidi wake. Hapakuwa na mtazamaji aliyekaa peke yake na hofu yake.

Naona sababu mbili za mvuto huo. Ya kwanza ni kwamba katika filamu hizi mkono wa fundi unaonekana. Filamu ya fedha nyingi humficha aliyeitengeneza, nayo humwacha mtazamaji ameduwaa. Filamu ya fedha haba haiwezi kuficha. Mpira wa kinyago unaonekana ulipounganishwa, damu ina wekundu usio wa damu, na kichwa kinachoruka ni dhahiri kwamba ni cha plasta. Kijana wa Rongo au Mbita anayetazama huanza kwa kutishika, halafu hujiuliza: wamefanyaje? Na muda si muda hujiambia: hata mimi ningeweza. Hilo ni swali la mwanafunzi, wala si la mhalifu.

Sababu ya pili ni ya kale zaidi, nayo tulikuwa nayo kabla ya umeme. Katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo watoto wa Kiluo walikusanyika usiku, sigana zilizosimuliwa hazikuwa za malaika. Alikuwamo apul-apul, zimwi mla watu. Katika hadithi nyingi za Afrika Mashariki zimwi humeza kijiji kizima, ng'ombe na mbwa pamoja, kisha hupasuliwa na wote wakatoka wakiwa hai. Kuna damu gani iliyozidi hiyo? Hata hivyo watoto walicheka, kwa sababu bibi alilipa zimwi sauti ya kuchekesha na ulafi wa kijinga. Watoto waliogopa, wakacheka, wakalala. Fasihi simulizi hii tunaifundisha darasani na kuitahini, tukiisifu kwamba hufunza na kuburudisha. Mbona basi tunaikana inapovaa suruali ya Kizungu?

Tena, ni nani aliyelelewa baina ya Mto Kuja na Ghuba ya Winam asiyemjua jajuok, mkimbiaji wa usiku? Hutoka uchi wakati watu wamelala, hurusha mchanga juu ya mabati, hugonga mlango kwa makalio na kukimbia. Asubuhi huenda akawa jirani mwenye heshima zake, anayekuamkua kwa upole njiani. Watoto humwogopa kwelikweli, lakini katika mazungumzo ya watu wazima jajuok wa namna hiyo ni kichekesho. Husimuliwa jinsi alivyoteleza matopeni, au jinsi alivyokamatwa akaomba asitajwe jina. Miaka mingi kabla ya Sam Raimi kuufunga ubao wake, watu wa pande hizi walikwisha kujua kwamba kinachotisha na kinachochekesha hulala kitanda kimoja.

Wapo watakaosema kwamba damu huzaa damu, na kwamba anayezoea kuiona kwenye kioo ataimwaga nyumbani. Hoja hiyo si ngeni. Uingereza ilipitisha sheria ya kanda za video mwaka wa 1984 kwa hofu hiyo hiyo, na The Evil Dead ilikuwa miongoni mwa kanda zilizoandamwa. Siidharau hofu ya mzazi. Lakini namwomba mzazi huyo atofautishe damu na damu.

Mwezi wa Mei 2008, kwa jirani zetu wa Kisii, watu 11, wengi wao wazee, waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi, nyumba zao zikateketezwa. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, katika kaunti hiyo hiyo, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Wala asidhani mtu kwamba hilo ni gonjwa la jirani peke yake. Waliofanya hayo hawakuwa wamelewa filamu za kuchekesha. Walikuwa wamelichukulia zimwi kwa uzito wote, wakamwona katika uso wa bibi mnyonge. Jajuok wa kuchekwa hurushiwa maneno. Jajuok asiyechekwa hurushiwa petroli. Hofu isiyopata pa kutokea kwa kicheko hutafuta pa kutokea kwa rungu.

Leo vibanda vya video vimepungua na simu zimeingia mifukoni. Humo hupita picha za watu halisi wakipigwa na umati, miili halisi ya ajali barabarani, vilio halisi, navyo husambazwa kabla hata jamaa wa marehemu hawajaarifiwa. Hii ndiyo damu inayostahili kuwakosesha walimu usingizi. Katika filamu ya shira hakuna aliyeumia, na kila kitu ndani yake kinamkumbusha mtazamaji kwamba hakuna aliyeumia. Katika picha ya simu ameumia mtu mwenye jina na mama. Mwanafunzi anayecheka ya kwanza ana akili timamu. Anayecheka ya pili anahitaji kukalishwa chini na kuzungumziwa. Lakini mwalimu aliyeziita zote mbili takataka kwa pumzi moja amejinyima neno la kumwambia.

Nimalizie na la kutenda. Mtaala wa umilisi umeleta katika shule ya upili mkondo wa sanaa na michezo, na miongoni mwa masomo yake limo la maigizo na filamu. Tamasha letu la kitaifa la drama nalo hupokea filamu za wanafunzi. Hata hivyo nawasikia walimu wa shule za kutwa wakisema kwamba mambo hayo ni ya shule kubwa zenye kamera na fedha. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama isingekuwapo Wakaliga.

Wakaliga ni mtaa wa mabanda jijini Kampala. Huko Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, aliunda kompyuta zake kwa vipuri vikuukuu, silaha zake akazichonga kwa mbao na vyuma chakavu, akatengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka wa 2010. Inasemekana gharama yake haikuzidi dola 200. Mwanzoni timu yake ilitumia damu ya ng'ombe, kisha ikaiacha kwa ajili ya afya ya waigizaji na kutumia rangi. Juu ya picha husikika sauti ya mfasiri akitania kila kitendo, kama yule wa kibandani kwetu. Mwaka wa 2019 filamu yao nyingine, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, nchini Kanada. Inahusu watoto wanaotekwa na majambazi ili watolewe kafara, nao watoto hao wanawageukia majambazi na kuwatandika. Utekaji wa watoto kwa ajili ya kafara ni hofu ya kweli nchini Uganda. Nabwana aliichukua hofu hiyo akawapa watoto waicheke na kuishinda.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Homa Bay na Migori wajaribu jambo moja. Muhula ujao, badala ya kumpokonya mwanafunzi filamu yake, wampe kazi: aende kwa bibi yake akusanye sigana ya apul-apul, aiandike kuwa mchezo, kisha wenzake waiigize na kuirekodi kwa simu moja ya mwalimu. Kinyago kifinyangwe kwa magazeti makuukuu na uji wa unga. Damu ichemshwe kwa sukari, maji na rangi ya chakula, na aliyepakwa afue shati lake mwenyewe. Atakayeifanya kazi hiyo atajifunza ushairi wa bibi yake, hesabu ya gharama, nidhamu ya kufanya kazi na wengine, na siri ya jinsi picha inavyoweza kumdanganya mtu. Siri hiyo itamfaa zaidi siku atakapoletewa picha ya kumchochea dhidi ya jirani.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi naongeza kwamba zimwi ulilolifinyanga kwa mikono yako, ukalipaka shira na kulicheka mbele ya wenzako, halikuli kabisa.