Matango ya Mombo Hayangoji Kitalu Nyumba

Wako watumishi hapa Mombo wasemao kwamba hununua matango kwa sababu hawana shamba wala fedha za kujenga kitalu nyumba. Hoja hiyo haina msingi. Kitalu nyumba huongeza joto, na hapa chini ya milima ya Usambara joto limejaa tele. Tena tango la kawaida huhitaji nyuki wa kuchavusha maua yake, nao hawaingii palipofungwa.

Kinachotakiwa ni debe kuukuu lililotobolewa chini, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, vijiti vya kutambalia na maji kila siku. Baada ya miezi miwili hivi mwalimu atachuma uani kwake. Kukopa ili kununua joto, huku madebe yakishika kutu nyuma ya nyumba, ni kuuonea mshahara. Ndugu watumishi, hatuna budi kuanza na tulichonacho.