Mtoto wa Nariokotome yuko Nairobi

Mabaki maarufu kuliko yote yaliyowahi kufukuliwa Kenya ni ya mtoto. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, bingwa wa kutafuta visukuku kutoka Ukambani, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya vikokoto pale Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mfupa na vikokoto vilikaribiana rangi, na mtu mwingine angepita tu. Uchimbaji ulipokwisha ilikuwa imepatikana mifupa zaidi ya 100 ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, akafa akiwa na umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka 8 na 12. Hakuna binadamu wa kale kiasi hicho ambaye mifupa yake imepatikana ikiwa imekamilika hivyo. Tukimpima kwa shule zetu, ni mwanafunzi wa msingi. Taya lake lina dalili za ugonjwa wa fizi pale jino la utotoni lilipong'oka, jambo ambalo mtoto yeyote mwenye pengo mdomoni ataelewa bila kufafanuliwa. Mvulana huyo anahifadhiwa Nairobi. Mtoto wa rika lake anayesoma Lodwar, makao makuu ya kaunti alikofukuliwa, hana makumbusho ya watoto mjini kwao ambako angemwona, hata kama ni nakala ya plasta.

Tunapojadili utalii wa kaskazini huwa tunamjadili mgeni: hoteli ngapi zijengwe, ndege itue wapi, machweo ya ziwa yauzwe vipi. Mtoto anayeishi huko hutokea kwenye picha tu, akiwa amevaa shanga. Watu wa kaskazini wamezoea kusema wanakwenda "Kenya" wanaposafiri kusini, na mzaha huo una uchungu ndani yake. Ninachotetea hapa ni kwamba kivutio cha kwanza cha familia katika jangwa letu kiwe makumbusho ya watoto, yawekwe Lodwar, na yapangwe kwa ajili ya mtoto wa Turkana kabla ya mtoto wa Nairobi au wa Berlin. Wageni watakuja, na wakija watakuta mahali palipo hai kwa sababu wenyeji wanapatumia.

Watakachokiona hakihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Lomekwi, upande uleule wa ziwa, zilipatikana mwaka 2011 zana za mawe za miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani. Mpe mtoto miwani ya kukinga macho na mawe mawili, umwambie atoe kipande chenye makali. Baada ya dakika kumi za kugonga bure atamheshimu aliyeiweza kazi hiyo zamani zile. Kalokol kuna nguzo za mawe za Namoratunga, ambazo masimulizi ya Waturkana yanasema ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Wanaakiolojia wana maelezo yao kuhusu nguzo za aina hiyo kandokando ya ziwa, kwamba zilisimikwa na wafugaji wa maelfu ya miaka iliyopita penye makaburi yao. Makumbusho mazuri yangemsimulia mtoto yote mawili na kumwacha aulize. Ziwa lenyewe ni somo la sayansi. Maji yake mengi huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, hayana pa kutokea, hupungua kwa kugeuka mvuke tu, na chumvi hubaki nyuma. Sufuria moja, jiko moja na maji ya ziwa vinatosha kulionyesha hilo mbele ya darasa zima. Ng'ambo ya pili, upande wa Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya umeme inayozungushwa na upepo unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya. Mtoto aliyekulia kwenye upepo huo akautengenezea pangaboi la karatasi, kisha akaambiwa kwamba ndio huohuo unaowasha taa Nairobi, ameshaelewa kitu kuhusu nchi yake ambacho vitabu vya kiada hukizungukazunguka. Na usiku kuna nyota. Giza la Turkana, ambalo wakazi wa miji mikubwa wameshalipoteza, ndilo lililo bora kwa darubini, na darubini ya shule si ghali kama tunavyodhani.

Kuna atakayesema kwamba hayo ndiyo maisha ya kila siku ya mtoto wa huko: mawe, mbuzi, upepo na miba. Kwa nini alipiwe kuviona ndani ya jumba? Pingamizi hili linasikika la busara mpaka umkumbuke Kimeu. Hakuwa na shahada alipoanza kazi hiyo. Alikuwa na jicho linalotofautisha mfupa na jiwe, na jicho hilo liliipa dunia mvulana wa Nariokotome. Mtoto mchungaji anajua kusoma nyayo, anajua bonde lipi lina maji chini ya mchanga na ni mti gani unaovumilia kiangazi. Asichoambiwa na mtu ni kwamba kilima anachopanda kilikuwa sakafu ya ziwa, na kwamba kile anachokipiga teke huenda ni jino la mnyama aliyetoweka. Anajua nusu ya somo, na makumbusho yana kazi ya kumpa nusu iliyobaki. Tumeanzisha mtaala wa umilisi unaodai mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, halafu shule nyingi tumezipelekea karatasi.

Jangwani kwingineko jambo hili limeshafanyika. Nje kidogo ya mji wa Tucson, Arizona, kuna makumbusho ya Jangwa la Sonora yaliyofunguliwa mwaka 1952. Sehemu yake kubwa iko nje, chini ya jua; ni bustani ya mimea, bustani ya wanyama na makumbusho kwa pamoja, na kanuni yake tangu mwanzo ni kuonyesha vya jangwa lile tu. Hakuna twiga wa kuazima. Joto la huko hupita nyuzi 40 wakati wa kiangazi, kwa hiyo milango hufunguliwa asubuhi na mapema na watu huondoka kabla jua halijawa kali. Anayedai kwamba Lodwar ni joto mno kwa watoto ajibiwe kwa ratiba na kivuli. Tena ndani ya Tucson yapo makumbusho ya watoto, yaliyoanzishwa mwaka 1986, na makao yake ni maktaba ya zamani. Ya Phoenix, mji mwingine wa jangwa hilo, yamo katika jengo lililokuwa shule. Hapa ningependa maafisa wetu wa mipango wasome taratibu. Miji tajiri ya Marekani ilipotaka kuwatengenezea watoto mahali pa kucheza na kujifunza, ilipaka rangi majengo yaliyokuwapo. Sisi huanza na jiwe la msingi, mara nyingi tukaishia hapohapo.

Tulionyeshwa mfano wa njia hiyo nyingine mwaka 2019, pale mtafiti wa visukuku Richard Leakey alipotangaza mpango wa makumbusho makubwa ya asili ya binadamu yaliyochorwa na Daniel Libeskind, mmoja wa wasanifu mashuhuri duniani. Michoro ilikuwa ya kuvutia kweli. Eneo lililochaguliwa lilikuwa Loodariak, Kajiado, mahali panapofikika kwa urahisi kutoka Nairobi. Sina ugomvi na Loodariak, lakini mtoto wa Turkana alikuwa ameachwa nje tena ya habari inayoanzia kwao.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maji. Kati ya 2020 na mwanzo wa 2023 mvua za misimu mitano mfululizo zilishindwa, mifugo ikafa, na watoto wakalala njaa. Kuzungumzia makumbusho mbele ya hali kama hiyo kunaweza kuonekana ni kejeli. Anayetoa pingamizi hili hastahili kupuuzwa, na kama ingebidi kuchagua kati ya kisima na makumbusho, jibu ni kisima. Ila hesabu za kaunti hazijapangwa hivyo. Tangu mgao wa 2021 Turkana hupokea zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka kutoka hazina ya taifa, mojawapo ya mafungu makubwa kuliko yote nchini. Ndani ya fungu hilo tayari kuna fedha za utamaduni, utalii na sherehe. Ninachoomba kitoke humo, kisiguse bomba hata moja. Isitoshe, maji na elimu haviko mbalimbali kama inavyosemwa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba kuna hifadhi kubwa ya maji chini ya ardhi huko Lotikipi. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kuwa yana chumvi nyingi. Wananchi walibaki kusubiri bila kuelezwa vizuri kilichotokea. Kizazi kinachoelewa maji hukaa vipi ndani ya miamba, na chumvi hutoka wapi, hakitashangilia mambo juujuu tena.

Oman nayo ina jibu kwa anayesema makumbusho yasubiri, na wasomaji wengi wa Kiswahili wana jamaa huko. Mwaka 1970 nchi hiyo ya jangwa ilikuwa na shule rasmi 3 tu. Miaka ishirini baadaye, 1990, Muscat ilifungua makumbusho ya sayansi kwa watoto, ambako mtoto hubonyeza na kuzungusha mwenyewe. Shule na makumbusho vilikwenda pamoja. Najua nitaambiwa Oman ina mafuta. Turkana nayo ilitangaziwa mafuta mwaka 2012, na kama siku moja yatawafaa wenyeji, wawepo vijana waliozoea kuuliza maswali kuhusu kilicho chini ya miguu yao.

Kuhusu usalama wa mifupa ya mvulana wa Nariokotome, hakuna anayetaka isafirishwe kwenye lori hadi Lodwar. Mifupa hiyo ni dhaifu, haina mbadala, na Nairobi ina chumba imara cha kuihifadhi. Mtoto wa miaka tisa anahitaji nakala ambayo ataishika, aipange sakafuni na kulala kando yake ajipime kimo, na hilo haliwezekani kamwe kwa mifupa halisi. Taasisi ya Bonde la Turkana ina kituo chake cha utafiti Turkwel, si mbali na Lodwar, kwa hiyo wataalamu wa kushauri wapo karibu. Usalama wa barabara ni suala jingine, na wizi wa mifugo katika kaskazini ya Bonde la Ufa haufai kufunikwa ili kumvuta mtalii. Hapo ndipo makumbusho yanayotegemea wenyeji yana nguvu kuliko hoteli, kwani basi la watalii likiahirishwa watoto wa Lodwar bado watafika kwa miguu.

Kenya tayari ina Makumbusho ya Jangwa, yaliyofunguliwa Loiyangalani mwaka 2008, yanayoeleza maisha ya jamii za mashariki mwa ziwa. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini Loiyangalani ni kituo kidogo kilicho mbali na miji, na familia nyingi za magharibi mwa ziwa hazina njia rahisi ya kuvuka. Turkana peke yake ilihesabiwa watu karibu 927,000 katika sensa ya 2019, wengi wao watoto na vijana. Jumba moja ng'ambo haliwezi kuwafaa.

Kila mwaka Lodwar huandaa sherehe za Tobong'u Lore, jina ambalo kwa Kiturkana ni mwito wa kurudi nyumbani. Wageni hualikwa, jukwaa hujengwa, hotuba hutolewa. Wajumbe wa bunge la kaunti wakikaa kupitisha bajeti ya sherehe zijazo, watenge chumba kimoja cha jengo la umma, walimu wawili, na fedha za nakala ya mtoto wa Nariokotome. Wazazi wa Lodwar nao waende kwenye vikao vya maoni ya umma, wakaulize chumba hicho kiko wapi.